Kabla hujanunua kadi ya poti kwa ajili ya ruta ya Cisco ISR

Ofisi inapoongeza laini ya pili ya intaneti, watu hukimbilia bei ya kadi. Anza na swali hili: poti unayoitaka ni ya ruta au ya swichi? Ukikosea hapo, kadi itawaka taa zote na bado haitakufaa.

Tuchukue Cisco ISR 4331, yenye sloti 2 za NIM (kadi ndogo za mtandao) na 1 ya SM-X (ya moduli kubwa). Kadi ya NIM-ES2-4 inavutia kwa poti zake 4 za gigabiti, ila hizo ni poti za swichi. Ukiandika "ip address" kwenye poti yenyewe, amri inakataliwa. Unatakiwa kuunda "vlan 10" (VLAN ni kundi la poti za swichi linalofanya kazi kama mtandao mmoja), kuiingiza poti humo kwa "switchport access vlan 10", ndipo anwani uiweke chini ya "interface Vlan10". Kwa kompyuta na simu za ofisini kadi hii ni nzuri sana. Kwa laini ya mtoa huduma, nunua NIM-2GE-CU-SFP: poti zake 2 hupokea anwani moja kwa moja, na kila moja inakubali kebo ya RJ45 au moduli ya SFP (kipande kidogo cha kuchomeka, kwa kawaida cha faiba).

Angalia pia ukoo wa kadi. EHWIC, yaani kadi za ruta za zamani za 1941, 2901 na 2911, haziingii kwenye sloti ya NIM, wala NIM haiingii kwenye zao. Sloti ya SM-X inaweza kubeba NIM, lakini mpaka uwe na adapta ya SM-X-NIM-ADPTR.

Kwenye 2911, zima ruta na uchomoe waya wa umeme kabla ya kugusa EHWIC. Kwenye 4331 unaweza kubadilisha NIM ruta ikiwa inawaka, mradi mpya iwe ya aina ileile: andika "hw-module subslot 0/1 stop", badilisha kadi, kisha amri hiyohiyo ukiimalizia na "start". Kama ni ya aina nyingine, zima tu.

Vaa mkanda wa kuondoa umeme tuli. Shika kadi kwa bamba la mbele na kingo, uingize kingo zote 2 kwenye reli. Itateleza yenyewe, kisha itakaza karibu na mwisho. Hapo sukuma kwa vidole gumba, pande zote kwa nguvu sawa, mpaka bamba liguse mwili wa ruta. Skrubu zinafuata baada ya hapo. Wengi huivuta kadi kwa skrubu. Inaingia upande, kiunganishi cha nyuma kinashika nusu, na ruta haiioni kabisa. Kifuniko cha sloti kitunze, maana sloti ikiachwa wazi inaharibu mzunguko wa hewa na kuingiza vumbi.

Ukiwasha, "show platform" ioneshe "ok" kwenye kadi hiyo. Poti ya kwanza kwenye sloti ya NIM 1 huitwa GigabitEthernet0/1/0. Ukiihamishia kadi sloti ya 2 inakuwa 0/2/0, na mipangilio haiifuati. NAT (kubadilisha anwani za ndani kuwa za nje) na njia za mtandao zilizotaja jina la zamani lazima uziandike upya, kwa hiyo nakili mipangilio kwenye kompyuta kabla ya kufungua chochote.

Faiba ikigoma, usiilaumu kadi kwanza. Moduli ya GLC-LH-SMD ya nanomita 1310 inataka mwanga unaoingia uwe kati ya -19 na -3 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga). Chini ya hapo, safisha ncha za LC, yaani viunganishi vya faiba.

Na kama laini mpya ni ya 200 Mbps lakini haivuki 100, angalia "show platform hardware throughput level". 4331 huja na kikomo cha 100 Mbps, na gigabiti iliyoandikwa kwenye kadi haikipandishi. Leseni ya performance ndiyo inayokifikisha 300: weka "platform hardware throughput level 300000", hifadhi, kisha washa ruta upya.