Nimemaliza Deni la HELB, Sasa Nisikilizeni

Juzi nimepata cheti cha HELB, bodi ya serikali ya Kenya inayowakopesha wanafunzi wa vyuo, kwamba sidaiwi hata ndururu. Nimekitia fremu. Wacha niringe kidogo, wa kulipa nilikuwa mimi.

Nilipoitangaza habari hiyo, binti mmoja wa mtaa wa Barani, hapa Malindi, akaniandikia: "Kaka, nimeitwa chuo Nairobi, baba ni mvuvi. Tufanyeje?"

Mdogo wangu, karo si adui yako mkubwa. Zama zetu, tuliopangwa na serikali tulilipa shilingi 16,000 kwa mwaka, na HELB ilikopesha kati ya 35,000 na 60,000. Kwenye karatasi pesa zinabaki! Kinachokumaliza ni kodi ya chumba na tumbo. Mimi nilichagua Chuo Kikuu cha Pwani, hapo Kilifi, vijana wa baraza wakanicheka eti nimeogopa jiji. Ijumaa napanda matatu nakuja Malindi, Jumapili narudi na unga, nazi na ng'onda wa mama. Chumba tulikodi watatu. Hao walioenda Nairobi ndio waliokuwa wakinipigia simu kuniomba pesa ya chakula. KUCCPS, wanaowapanga wanafunzi vyuoni, huruhusu kuomba uhamisho, kwa hiyo omba mapema.

Basari ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na ya kaunti ni fomu mbili tofauti. Jaza zote, kila mwaka, hata ukinyimwa. Tangu 2023 mwanafunzi hupangwa kwenye kundi la msaada wa karo kulingana na hali ya nyumbani kwao. Ukiwekwa na wenye nacho, kata rufaa. Andika wazi kwamba kusi likivuma baba haendi baharini. Sisi watu wa Pwani tuna ugonjwa: njaa imo ndani, kanzu imepigwa pasi. Acheni kuona haya!

Mkopo nao ni deni. Riba ni asilimia 4, lakini ukijificha baada ya masomo, faini ni 5,000 kila mwezi. Lipa hata kidogo.

La mwisho ni harambee. Mjomba wangu alishika kipaza sauti akaahidi elfu hamsini, watu wakampigia makofi. Simu yake haikushikika tena mpaka siku ya mahafali, akaja kusimama mbele kwenye picha. Mwambie baba: ahadi zisiandikwe. Mwenye kutaka kusaidia apewe namba ya akaunti ya chuo, alipe moja kwa moja, alete risiti.