Keki ya jibini yenye boga na matunda: oka leo, wageni waje kesho

Juzi nimepokea ujumbe wa msomaji anayetarajia wageni mwisho wa wiki. Anataka kuwaokea keki ya jibini yenye matunda na mboga, lakini wifi yake amemvunja moyo: mboga mahali pake ni kwenye mchuzi, ukizitia kwenye keki utaaibika. "Dada, nioke au niache?" ameuliza. Nilimjibu palepale aoke. Jibu kamili ni refu kidogo, na kwa kuwa wengi wenu mna hamu ileile ya kuweka mezani kitu kilichotoka mikononi mwenu, naliandika hapa mlisome wote.

Maneno kama ya wifi huyo nimeyasikia kwa masikio yangu. Zamani niliweka keki ya jibini yenye boga mbele ya wageni, na mtu wangu wa karibu sana akaisogeza sahani kabla hajaonja, akasema, "Hiki si chakula cha mgonjwa?" Watu wakacheka. Niliendelea kukata na kugawa, lakini kauli ile ilinikaa moyoni na hadi leo nikiikumbuka inaniuma. Waliokula waliisifu, yeye hakula. Wiki iliyopita nimeiandaa tena, boga lilelile, juu nimeweka machungwa na pasheni. Sahani imerudi jikoni na makombo tu, na mtu yuleyule akaniomba nimfungie kipande cha kwenda nacho nyumbani. Hakutaja ya zamani, nami sikuyataja. Nilimfungia viwili.

Basi shikeni hili: keki hii inataka uyadhibiti maji na uipe muda. Ukiyaweza hayo mawili, ladha itajileta yenyewe.

Tuanze na maji. Boga na karoti, takriban asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Ukilichemsha boga sufuriani unaliongezea mengine, halafu unashangaa keki haishiki na kitako cha biskuti kimelowa. Mimi boga hulioka. Nalikata vipande vikubwa, naliacha na ganda lake, nalitia kwenye oveni hadi kisu kipenye bila kukaza mkono. Likipoa nakwangua nyama yake, naisaga hadi iwe rojo, kisha nalimwaga rojo hilo kwenye kitambaa safi juu ya chujio na kuliacha lichuruzike mpaka lenyewe likome. Msiliruke jambo hili. Karoti nayo ioke hivyohivyo. Wapo wanaotumia karoti mbichi iliyokwaruzwa na kukamuliwa, na keki hutoka, ila mimi nyuzinyuzi ndani ya jibini laini sizipendi. Bitiruti hutoa rangi ya kupendeza sana. Ina harufu ya udongo, lakini maji ya limau huipunguza.

Vipimo vyangu ni vya chombo cha kuokea chenye upana wa sentimita 23, kile ambacho ukuta wake unafunguka. Kitako: biskuti gramu 200 zilizosagwa, siagi iliyoyeyushwa gramu 90, nakandamiza na kuoka dakika 10. Ujazo: jibini laini ya krimu gramu 600, sukari gramu 150, rojo la boga gramu 200, mayai 3, wanga wa mahindi vijiko 2 vya chakula, maganda ya chungwa yaliyokwaruzwa, mdalasini na chumvi kidogo. Wanga ule una kazi: hunyonya maji yanayobaki kwenye boga na kusaidia keki isipasuke.

Jibini itoke kwenye friji mapema ilainike. Ikiwa baridi itabaki na madonge, na ukiyafukuza madonge kwa mashine utaingiza hewa. Ipige na sukari kwanza, weka boga na wanga, halafu mayai mwishoni kabisa, moja moja, kwa mwendo wa polepole. Hewa ikiingia pamoja na mayai, keki itaumuka vizuri ndani ya oveni, kisha itashuka na kupasuka katikati. Mtu akiniambia keki yake ilipasuka, swali langu la kwanza ni hilo: mayai uliyapiga kwa kasi gani?

Oveni iwe nyuzi 160. Chombo kifunge kwa nje kwa foili nzito, kiweke ndani ya sinia lenye maji ya moto yanayofika nusu ya kimo chake. Maji hayo huzuia kingo zisiive na kukauka kabla ya katikati. Baada ya dakika 55 hivi anza kukagua, na hapa ndipo wengi wanapoiharibu, kwa sababu wanasubiri katikati pakauke kama keki ya unga. Itoe ukingo ukiwa umeshika na katikati pakitikisika kama maziwa ya mgando. Mwenye kipimajoto aangalie nyuzi 65 hadi 68 katikati. Ikipita sana hapo, mayai hukaza, hukamua maji, na keki huwa na chembechembe mdomoni.

Zima oveni, acha mlango wazi kidogo, keki ikae humo kama saa moja. Ukishaitoa, pitisha kisu chembamba kati ya keki na ukuta wa chombo, maana ikipoa husinyaa, na kama imenata kingoni itajivuta na kuchanika. Kisha friji, usiku kucha. Saa 6 ndiyo kima cha chini, lakini nawasihi iwe usiku kucha, na ndiyo sababu ya kichwa cha habari hii. Mwenye kuoka asubuhi kwa ajili ya wageni wa mchana anajitesa bure. Mafuta ya jibini hayajaganda, kipande kinaanguka sahanini, naye mwenyewe amechoka, hana hata uso wa kumpokea mtu.

Matunda huwekwa juu siku yenyewe, karibu na kula. Chungwa nalimenya hadi ngozi nyeupe iishe, navipangusa vipande, ndipo napanga. Rojo la pasheni nalipika kidogo na sukari na wanga hadi ling'ae, likipoa namwaga juu. Nanasi, papai na kiwi vikiwa vibichi viogopeni: vina vimeng'enya vinavyovunja protini, kwa hiyo huchachua ladha ya maziwa ikawa chungu, na ukitumia jelatini haitaganda. Vichemshe kwanza, moto huviua vimeng'enya hivyo.

Sasa niseme na nyinyi kuhusu wageni wenyewe. Ndugu zangu, acheni kumwomba mgeni radhi kabla hajaonja. "Samahani, nimejaribu tu," "sijui kama mtaipenda": maneno hayo ndiyo yanayompa mtu ruhusa ya kusogeza sahani. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ajidhalilishe. Weka keki mezani, sema ni ya boga na machungwa, sema uliioka mwenyewe, kisha nyamaza ukate. Wala usilifiche boga ukidhani utawashtukiza. Mgeni ana haki ya kujua anachokula, na zaidi ya boga mwambie wazi kuwa mna maziwa, mayai na ngano, kwa sababu wapo ambao miili yao haivipokei vitu hivyo na wanaona haya kuuliza ugenini. Heshima ya mwenyeji iko hapo kuliko kwenye mapambo.

Na atakayesema ni chakula cha mgonjwa, mwache. Mpe nafasi ya kurudi siku nyingine, na siku hiyo ukate kipande chake kwa ukubwa uleule wa wenzake.

Kwa kukata, chovya kisu kwenye maji ya moto, kifute, kata, kifute tena kabla ya kipande kinachofuata. Chombo cha sentimita 23 kinatoa vipande 12, na vinatosha, kwani keki hii ni nzito. Isikae mezani zaidi ya saa mbili. Kinachobaki kirudi kwenye friji kikiwa kimefunikwa, bila matunda juu, na kiliwe ndani ya siku tatu.