Maswali yenu ya Marekani: shujaa mmoja hatoshi

Wiki hii nimechagua maswali ya historia ya Marekani, mengi yanamtafuta mtu mmoja aliyefanya kila kitu. Twende.

Ni kweli Rosa Parks alikataa kusimama kwenye basi kwa sababu alichoka na kazi, ndo ubaguzi ukaisha? (Msomaji, Dodoma)

Hili swali linarudi kila mara jamani, na kila mara limeandikwa vilevile. Parks, aliyekataa kumpisha mzungu kiti, alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, pale Montgomery, jimbo la Alabama, mwanaharakati wa miaka mingi, sio mama aliyeumwa miguu tu. Na hakuwa wa kwanza, miezi tisa kabla yake, Machi 1955, binti wa miaka 15 anaitwa Claudette Colvin alikamatwa mji huohuo kwa kosa hilohilo. Parks alipokamatwa 1 Desemba, mwalimu wa chuo Jo Ann Robinson aliingia ofisini usiku, yeye na wenzake wakakesha na mashine ya kurudufu wakitoa maelfu ya vikaratasi vya kuwaambia watu wasipande basi Jumatatu, kulipokucha vikaanza kugawiwa mashuleni, madukani, saluni. Mgomo ukaenda siku 381. Wafanyakazi wa ndani walitembea kwa miguu kwenda kupika kwa matajiri na kurudi, wenye magari wakabeba wenzao kwa zamu. Sasa sikiliza hapa: kesi iliyomaliza ubaguzi kwenye yale mabasi haina jina la Parks, ilifunguliwa na Colvin na wanawake wengine watatu. Mashujaa walikuwa mji mzima, na ukimfundisha mtoto kwamba mama mmoja alikaa tu kitini mambo yakabadilika, na yeye atakaa tu kusubiri.

Kennedy ndo alisaini sheria ya haki za raia? (Msomaji, Kakamega)

Hapana. Muswada aliupeleka yeye 1963, akauawa Novemba, aliyesaini ni Johnson, makamu aliyemrithi, 2 Julai 1964, baada ya maseneta wa kusini kuuzuia kwa hotuba zisizoisha zaidi ya miezi miwili.

Lincoln alikuwa Republican na ndo alipiga vita utumwa, mbona weusi wengi wanapigia Democrat? (Msomaji, Arusha)

Kwa sababu vyama vilibadilika, jina likabaki. Zamani Democrat wa kusini ndo walikuwa chama cha ubaguzi, hilo halina ubishi. Weusi waliohamia miji ya kaskazini walianza kuhama chama miaka ya 30 kwa Rais Roosevelt wa Democrat, walikuwa wanataka kazi na msaada wakati wa mdororo wa uchumi. 1948 Rais Truman, naye wa Democrat, akaagiza ubaguzi uondolewe jeshini, huku Strom Thurmond wa South Carolina akijitenga na chama na kugombea urais kivyake, akachukua majimbo manne. Halafu 1964 Goldwater, seneta na mgombea urais wa Republican, akapiga kura kuipinga sheria ya haki za raia, na kwenye uchaguzi akashinda jimbo lake la Arizona na matano ya kusini kabisa, mwaka huohuo Thurmond akahamia Republican. Kwahiyo anayekuambia chama ni kilekile tangu 1860 anakuuzia nembo. Angalia nani alipiga kura gani, mwaka gani, kwa muswada gani.

Katiba yao iliwapa weusi kura 1870, sasa 1965 walikuwa wanadai nini tena? (Mwanafunzi, Bukavu)

Swali zuri kuliko yote ya leo. Marekebisho ya 15 yalisema mtu asinyimwe kura kwa rangi yake. Majimbo ya kusini hayakuandika rangi popote, yakaandika kodi ya kura, yakaandika mtihani. Mississippi ulikuwa unaenda kwa karani wa uandikishaji, anakuchagulia kifungu cha katiba ya jimbo, unakinakili kwa mkono, halafu unaeleza maana yake, na anayeamua umepata au umekosa ni yeye peke yake. Fannie Lou Hamer alienda Agosti 1962 mjini Indianola akapewa mtihani huo, akaambiwa kafeli, na jioni ileile mwenye shamba la pamba alikofanya kazi miaka 18 akamfukuza kwa sababu tu alijaribu kujiandikisha! Akarudia mtihani mpaka akapita.

Machi 1965 waandamanaji wa kudai kura wakapigwa na polisi virungu na mabomu ya machozi kwenye daraja la Selma, Alabama, nchi nzima ikaona kwenye TV, Agosti sheria ya kura ikasainiwa. Mississippi weusi walioandikishwa walikuwa chini ya asilimia 7, kufika 1967 wakawa karibu asilimia 60. Dawa yake ilikuwa hii, majimbo yenye rekodi mbaya hayakuruhusiwa kubadili taratibu za kura bila kibali cha serikali kuu kwanza. Na 2013 Mahakama ya Juu, majaji watano kwa wanne, ikafuta kile kipimo cha kuamua majimbo gani yaombe kibali. Siku hiyohiyo Texas ikatangaza inaanza kutumia sheria yake ya vitambulisho iliyokuwa imezuiwa. Nyie mnaoniandikia kwamba kule mambo yaliisha kwa Martin Luther King, isomeni hiyo 2013 kabla ya kuniandikia tena.

Baba yake Obama alipelekwa Marekani na Kennedy? (Msomaji, Kisumu)

Hapana. Alienda Hawaii 1959, na hata ile ndege ya wanafunzi 81 iliyotoka Nairobi mwaka huo hakupanda. Ndege yenyewe ni kazi ya Tom Mboya na Wamarekani waliochangisha, akina mchezaji Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Pesa ya familia ya Kennedy, dola 100,000, iliingia 1960, awamu aliyoenda Wangari Maathai kusoma Kansas. Mboya ndo aliyezunguka vyuoni kuomba nafasi moja moja, na jina lake ndo mnalolisahau nyumbani kwake!

Naomba muhtasari wa historia yote ya Marekani, nina mtihani kesho.

Sikutumii. Kaa na kitabu chako usiku huu, anza na 1954, kesi ya shule za Topeka, iliyokataza kutenga wanafunzi kwa rangi.

Nixon alifungwa miaka mingapi kwa Watergate? (Msomaji, Bujumbura)

Hata siku moja. Watergate ni kashfa ya watu wake kuvunja ofisi za Democrat na kuficha ukweli. Alijiuzulu urais 9 Agosti 1974, na mwezi uliofuata Ford, aliyemrithi, akamsamehe kabla hata hajashtakiwa. Jela walienda wasaidizi wake, pamoja na Mitchell aliyekuwa mwanasheria mkuu wa serikali. Kwangu mimi ule msamaha ulikuwa kosa kubwa, wapiga kura wengi nao walimkasirikia, na 1976 Ford akashindwa na Carter.