Nyumba ya Kupanga Isiyo na Jiko

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepata nyumba ya kupanga mjini Leipzig, Ujerumani, lakini chumba cha jiko ni kitupu kabisa, hakina sinki wala kabati. Je, mwenye nyumba ananipunja?

JIBU: La, ndugu msomaji, hakupunji. Nchini Ujerumani ni jambo la kawaida mpangaji kuhama na jiko lake zima, akaacha mabomba tu ukutani. Kabla hujanunua jipya, muulize mpangaji anayetoka kama atakuuzia lake. Malipo hayo huitwa Ablöse, na sheria hairuhusu yapite mno thamani halisi ya vitu. Andikianeni orodha yenye bei ya kila kimoja, kisha mtie saini. Akikataa, tafuta vilivyotumika katika tovuti ya Kleinanzeigen, ambako wanaohama hutoa hata kabati bure mradi ulibebe mwenyewe, na kulipandisha ghorofa ya nne bila lifti si mchezo. Pima kuta kwanza. Jiko la umeme la huko kwa kawaida huunganishwa kwenye umeme wa volti 400, kwa hiyo kazi hiyo mwachie fundi umeme mwenye kibali. Kochi linaweza kusubiri.