Umeniuliza ploti, mimi nakujibu meli

Mwanangu Rukia,

Voisi zako nimezisikia zote, ile ndefu nimeirudia mara mbili. Waniuliza kama utie mkopo wako wa sacco kwenye ploti huko Lokichar, Turkana, pamoja na wenzako wa kazini, maana ati safari hii mafuta ya Turkana yaanza kweli, ile kampuni ya mafuta ya Tullow washauza visima vyao 2025 na kampuni ya Gulf Energy ndo wameshika. Nitakujibu, lakini Lokichar ikitajwa mimi moyo wangu waenda kwa babako moja kwa moja.

Wewe ulikuwa bodi. Machi 2012 Rais Kibaki alipotangaza kwamba kisima cha Ngamia 1 huko Turkana kimetoa mafuta, marehemu alisimama mbele ya tivii na kikombe cha kahawa mkononi mpaka kikapoa. Mtu miaka yake yote ameimaliza kwa maboila ya rifainari pale Changamwe, Mombasa, akisafisha mafuta ya Waarabu, leo aambiwa na sisi tunayo. Haikwisha wiki bangili zangu nne za arusi ziko kwa sonara, na pesa kapewa jamaa mmoja aliyesema ana ploti karibu na barabara. Ploti gani? Ardhi ya kule nyingi ni ya jamii, hatukupewa hati, tulipewa karatasi ina muhuri. Na hakunilazimisha Rukia, nilizivua mwenyewe huku nacheka, hilo ndo huniuma.

Lakini si ploti iliyomvunja. 2013 mitambo ya Changamwe ikazimwa. Yeye alikuwa ashastaafu lakini alikaa siku tatu hasemi. Tangu 1963 yachemsha mafuta ya watu, yetu yamepatikana juzi tu, ndo inazimwa, yakabaki matangi. Nshakwambia mara ngapi, usiulize mafuta yako wapi, uliza yapita wapi.

2018 malori yakaanza kuyaleta Mombasa, zaidi ya kilomita elfu moja, na yale mafuta yana nta, yakipoa yaganda kama samli, babako alikuwa akinieleza kwa mikono jinsi tangi linavyofunikwa lisipoteze moto. Mara watu wa kule wakayazuia malori barabarani, wataka usalama kwanza. Mimi nilikasirika, nikasema hawa watatuharibia, halafu usiku nikafikiria, kwani mtu anayeibiwa mifugo na kuuliwa watoto atazame lori likipita tu anyamaze? Haki yao. Sheria ya mafuta ya 2019, katika fungu la serikali, yawapa jamii asilimia 5 na kaunti 20, ziwafikie kweli.

Basi Agosti 2019 meli ya kwanza ikapakia bandarini Kipevu, mapipa laki mbili, dola milioni 12. Babako na miguu yake ile mibovu akataka tuvuke Likoni. Tukakaa ng'ambo na mihogo yetu ya kukaanga, feri zimesimama kuipisha, meli ikapita mbele yetu kubwa, taratibu, imezama kwa uzito. Akasema, "Yaenda mabichi, lakini yaenda." Akanishika mkono pale pa bangili. Wallahi siku ile nilifurahi kuliko siku ya arusi, na mpaka leo sijui kwa nini, maana hatukupata hata senti.

Sasa wewe wasema safari hii ni kweli. Pengine. Lakini kutafuta kumeanza miaka ya 1950, Shell walichimba Loperot huko huko Turkana 1992 wakaondoka zao. Na bomba la kilomita mia nane na kitu walisema litakwenda Lamu, hata kujengwa halijajengwa, nalisikia kwa redio tu. Uliza yapita wapi, mwanangu. Ila pia najiambia, kama kila mtu angekuwa mwoga kama mimi nani angejenga hata kibanda pale Changamwe, na mimi nimewalisha nyinyi kwa mahamri na mbaazi za geti la rifainari ile ile. Sikukatazi. Nataka kukukataza, lakini sikukatazi, pesa ni zako na babako angekuwepo angekwambia nenda.

Ile karatasi yenye muhuri bado iko kwenye sanduku, chini ya kanzu zake. Kesho nitampa mamako mdogo akuletee, apanda basi la usiku. Uiweke kando ya hiyo utakayopewa usaini, uzisome zote mbili pamoja, halafu unipigie.

Mamako