Eksirei ya babu: ni picha, taswira au kivuli?

SWALI: Maalim, shikamoo. Mimi ni mchoraji, nakaa Mji wa Kale, Mombasa. Nimerithi filamu za eksirei za kifua cha marehemu babu. Nazipaka rangi na kuzitundika dirishani, jua likipiga mbavu zinawaka. Kwenye vibao niandike "picha", "taswira" au "kivuli"? Na niseme "kifo" au "mauti"?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hospitalini neno ni picha, hapana ugomvi. Mgonjwa hutumwa akapigwe picha, na akirudi na bahasha yake huulizwa, "Haya, picha yasemaje?" Lakini ukiandika "Picha ya Babu", mgeni atatazamia kofia na ndevu.

Taswira ningeiacha. Imezoea uhakiki wa mashairi, kwa kile mtungaji anachokuchorea akilini. Filamu yako yashikika, hata kona zimejikunja. (Walimu wa fasihi mnisamehe.)

Kivuli ndilo hasa. Miale ya eksirei hupenya nyama kwa wepesi na kuitia filamu weusi. Mfupa huizuia, pale pakabaki peupe. Basi unachokipaka rangi ni kivuli kweli, ila cheupe. Wilhelm Röntgen mwenyewe, mwanafizikia Mjerumani aliyeigundua miale hiyo, katika taarifa yake ya kwanza ya 1895, alieleza vivuli vya mifupa ya mkono. Kiswahili nacho kina ziada yake: kivuli ni pia mzuka wa aliyekufa. Usikichanganye na uvuli, ule wa kupumzikia chini ya mwembe. Kivuli kina mwenyewe. Uvuli ni wa yeyote aliyechoka.

Ama kifo, hilo ni tukio: lina siku, lina na cheti. Mauti yamngoja mtu angali hai, na ndiyo maana twasema kila nafsi itaonja mauti. Desemba 1895 Röntgen alimpiga mkewe, Anna Bertha, picha ya mkono, mifupa ya vidole na pete yake vikaonekana. Yasimuliwa kuwa mke huyo alisema ameona mauti yake. Nami nasema mauti, si kifo, kwa sababu hakuoneshwa siku wala saa. Aliishi hadi 1919. Alichokiona alikuwa akitembea nacho siku zote.

Babu yako naye alipigwa eksirei akiwa hai. Andika "Kivuli cha Babu", na ukiyataja mauti, upatanisho uwe "mauti yake", si "mauti wake". Ila bibi akilisoma hilo neno kivuli huenda akakataa kuingia chumbani. Hilo mtalizungumza nyumbani.