Somalia haikuanza na Al-Shabaab

Kaka wa Makambako, umeuliza kama vita vya Somalia ni vya dini tangu mwanzo. Hapana. Rais Siad Barre alipoanguka Januari 1991, waliopigana walikuwa wababe wa koo, wakigombea bandari na vizuizi vya barabarani vya kutoza pesa. Mahakama za Kiislamu, za mitaani na zenye wapiganaji wao, zilizaliwa humo humo, na wafanyabiashara walizipenda kwa sababu zilikamata wezi. Mwaka 2006 Marekani ikawafadhili wababe wazipige. Zikashinda, zikaitwaa Mogadishu mwezi Juni.

Desemba Ethiopia ikaingia na jeshi. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mahakama zilisambaratika upesi mno, lakini waliobaki na bunduki ni wale wakali, Al-Shabaab, ambao awali walikuwa tawi tu ndani yake. Sasa wakapata hoja tamu: mgeni kaingia nyumbani, tena adui waliyepigana naye 1977 wakigombea eneo la Ogaden. Hata asiyewapenda aliielewa. Ethiopia ikaondoka Januari 2009, na tarehe 31 ya mwezi huo huo aliyekuwa kiongozi wa mahakama, Sheikh Sharif, akachaguliwa rais! Miaka miwili ya damu, halafu yule yule.

Al-Shabaab nao 2012 wakajiunga rasmi na Al-Qaeda. Ila koo hazikufa. Dereva mmoja Msomali niliyekula naye wali hapa Mwanjelwa, akielekea Tunduma, aliniambia kwao bado wanagombea kisima na jirani, na kesi huamuliwa na Al-Shabaab, maana hakimu wa serikali hafiki.